Kutoka sura ya tasnifu hadi makala ya jarida: mwongozo kwa mtafiti wa Kiswahili

Kila mwaka vyuo vikuu vya Tanzania na Kenya hupokea tasnifu za uzamili na uzamivu zinazochunguza isimu na fasihi ya Kiswahili, na nyingi kati ya hizo huishia kwenye rafu za maktaba au katika hifadhi ya kidijiti ya chuo, ambako anayezifungua ni mwanafunzi mwingine anayetafuta mfano wa kupanga sura zake. Hiyo ni hasara kwa taaluma nzima, kwa sababu ndani ya tasnifu hizo mna data zilizokusanywa kwa jasho, na mna hoja ambazo watafiti wa Nairobi, Zanzibar, Napoli au Leipzig wangezihitaji lau zingewafikia. Njia iliyozoeleka ya kuwafikia ni makala katika jarida la kitaaluma. Mwongozo huu unamlenga mtu mwenye tasnifu iliyokwisha kutahiniwa, au sura ambayo msimamizi ameipitisha, anayetaka kuigeuza makala na kuiwasilisha. Msimamo unaouongoza ni kwamba makala huandikwa upya, kwa ajili ya hoja moja na jarida moja, wala haikatwi kutoka kwenye tasnifu ikapelekwa jinsi ilivyo.

Hatua ya kwanza: Ipate hoja kabla ya kugusa maandishi

Tasnifu huandikwa ili kuwathibitishia watahini kwamba mwandishi anaijua nyanja yake yote: historia yake, nadharia zake, mbinu zake na mijadala yake. Makala haina kazi hiyo. Msomaji wa jarida huchukulia kwamba unaijua nyanja, na anachotaka ni jambo jipya moja lililothibitishwa. Ndiyo maana sura ya nne ikinakiliwa jinsi ilivyo, ikapachikwa utangulizi mfupi mbele na hitimisho nyuma, mhariri huitambua katika ukurasa wa kwanza na kuirudisha.

Tuchukue mfano wa tasnifu inayohusu mabadiliko ya kifonolojia ya maneno ambayo Kiswahili kimeyakopa kutoka Kiingereza. Sura yake ya uchambuzi huenda ikawa na udondoshaji wa sauti, uchopekaji wa irabu, ubadilishaji wa konsonanti na mkazo. Hizo ni mada nne, na hakuna hata moja ambayo peke yake ni hoja. Hoja hupatikana pale unapoandika sentensi ambayo mtu mwingine anaweza kuipinga: kwa mfano, kwamba irabu inayoongezwa mwishoni mwa neno mkopo huamuliwa na mahali pa kutamkia konsonanti iliyotangulia, ndiyo sababu tuna klabu, timu, pampu na glavu baada ya sauti za midomo, ilhali kwingineko tuna basi, tiketi, benki na shati. Sentensi hiyo ikishaandikwa, maswali yenye thamani hujitokeza. Mbona tuna buku na si buki? Je, irabu ya silabi iliyotangulia nayo ina nguvu? Kwa kuwa wanaisimu waliotangulia wamekwisha kuligusa jambo hili, makala itapaswa kuonyesha inaongeza nini juu ya yale waliyosema, labda data mpya kutoka kwa mafundi wa gereji ambao hukopa majina ya vipuri kila siku, au maelezo bora ya mifano inayokaidi kanuni. Makala nzuri huikabili mifano inayoipinga hoja bila kuificha, na mara nyingi sehemu hiyo ndiyo inayowashawishi wapitiaji, yaani wataalamu ambao jarida huwaomba waisome na kuitathmini makala kabla haijakubaliwa.

Jaribu kuiandika hoja yako kwa sentensi moja isiyo na neno “mbalimbali”. Neno hilo huingia pale mwandishi anapokuwa bado hajaamua anachosema.

Hatua ya pili: Chagua jarida, ndipo uandike

Waandishi wengi humaliza makala kwanza, kisha huanza kutafuta pa kuipeleka. Utaratibu huo hugharimu muda, kwa kuwa jarida ndilo linaloamua urefu, lugha, mtindo wa marejeleo, na hata kiasi cha nadharia ambacho wasomaji wake wanatarajia. Kwa kazi za Kiswahili uwanja si mdogo. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani TATAKI, huchapisha jarida la Kiswahili, ambalo chimbuko lake ni taarifa za Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, na pia huchapisha Mulika. Katika chuo hichohicho kuna Kioo cha Lugha. Chuo Kikuu cha Moi nchini Kenya kina Mwanga wa Lugha. Nje ya Afrika Mashariki kuna Swahili Forum, lililoanza mwaka 1994 huko Cologne, Ujerumani, ambalo husomwa bure mtandaoni. Haya hayamalizi orodha, lakini yanatosha kuonyesha kwamba mwandishi wa Kiswahili ana nafasi ya kuchagua.

Fungua matoleo mawili au matatu ya karibuni ya kila jarida unalolifikiria, usome makala zenyewe badala ya kutazama vichwa tu. Angalia kama kuna mjadala unaoendelea humo ambao makala yako inaweza kuuingia. Angalia waandishi wanatumia istilahi zipi, maana si kila jarida linakubaliana kuhusu istilahi za isimu, na ni rahisi zaidi kufuata mazoea ya jarida tangu mwanzo kuliko kuyarekebisha mwishoni. Kisha soma maelekezo kwa waandishi, kwa kawaida ukurasa mmoja au miwili, ukiwa na kalamu mkononi. Andika pembeni ukomo wa maneno, mtindo wa marejeleo, lugha zinazokubalika, urefu wa ikisiri (muhtasari mfupi unaotangulia makala) na kama kuna ada.

Kuhusu lugha, ushauri wangu ni kuangalia mjadala unafanyika wapi. Ikiwa waliotangulia kuandika juu ya jambo lako wameandika kwa Kiswahili, na watakaokujibu watajibu kwa Kiswahili, basi andika kwa Kiswahili bila kusita. Ikiwa hoja yako inalinganisha Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Kibantu, huenda wasomaji wako wakuu wapo katika majarida ya Kiingereza, na hapo kila mfano utahitaji kuchanganuliwa mofimu kwa mofimu kwa kufuata kanuni zinazotambulika, hasa zile za Leipzig, ambazo wanaisimu huzitumia kuonyesha maana ya kila mofimu chini ya mfano.

Hatua ya tatu: Hakikisha jarida si la kitapeli

Hatua hii haina njia ya mkato. Mtafiti chipukizi akishahudhuria kongamano moja tu na anwani yake ya baruapepe ikaonekana mtandaoni, huanza kupokea barua zinazomsifu kwa utafiti wake “uliotukuka” na kumwalika achapishe haraka. Nyingi hutoka kwa watu wanaouza kurasa. Hakuna anayeisoma makala, hakuna anayeisahihisha, na baada ya muda tovuti hutoweka pamoja na makala. Anayeumia zaidi ni mwandishi, kwa sababu kazi iliyochapishwa huko haiwezi tena kuwasilishwa kwa jarida la kweli kama kazi mpya, na kamati za kupandisha vyeo vyuoni zimekuwa makini zaidi kuzikataa kazi za namna hiyo.

Dalili zake zinajulikana. Jarida huahidi kuikubali makala ndani ya siku chache, muda ambao hautoshi hata mpitiaji mmoja kuisoma kwa makini. Ada haitajwi mpaka baada ya kukubaliwa. Jina la jarida linadai kushughulika na sayansi zote, kilimo, fasihi na uhasibu kwa pamoja. Bodi ya wahariri ina majina ya watu maarufu ambao ukiwaandikia utagundua hawana habari. Kuwa na namba ya ISSN si ushahidi wa ubora, kwa sababu namba hiyo yenye tarakimu nane hulitambulisha chapisho tu.

Ili kujiridhisha, tafuta jarida katika AJOL, jukwaa la majarida ya Afrika lililoanza mwaka 1998 na ambalo makao yake ni Afrika Kusini, au katika DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure iliyoanzishwa mwaka 2003. Jarida kutokuwepo humo hakumaanishi kwamba ni la kitapeli, kwa kuwa majarida kadhaa mazuri ya vyuo vyetu bado huchapishwa kwa karatasi tu. Katika hali hiyo, muulize msimamizi wako au mkutubi wa chuo, na uhakikishe kwamba idara inayolitoa ipo na kwamba wahariri wake wanafahamika.

Ada yenyewe si dalili ya utapeli. Majarida mengi yanayosomwa bure hulipiwa na waandishi, na mashirika makubwa ya uchapishaji huwasamehe au huwapunguzia ada waandishi wa nchi zenye kipato cha chini. Ombi la msamaha huo litolewe mapema, kabla ya kuwasilisha au wakati wa kuwasilisha, kwa kuwa baadhi yao hawalipokei baada ya makala kukubaliwa.

Hatua ya nne: Malizana na wenzako na mamlaka

Swali la nani awe mwandishi lijibiwe kabla ya rasimu ya kwanza. Kigezo kinachotumika sana, ambacho kilianzia kwa wahariri wa majarida ya tiba, kinadai kwamba mwandishi awe amechangia kwa kiasi kikubwa katika kubuni utafiti au kuchambua data, awe ameshiriki kuandika au kuhakiki andiko, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na awe tayari kuwajibika kwa yaliyomo. Msimamizi aliyetimiza hayo anastahili jina lake liwepo. Msimamizi aliyesoma sura na kutoa maoni anastahili shukrani. Zungumza naye kwa heshima, ana kwa ana ikiwezekana, kisha umwandikie baruapepe fupi inayothibitisha mlichokubaliana pamoja na mpangilio wa majina. Mazungumzo hayo ni magumu kwa mwanafunzi, lakini yanakuwa magumu mara kumi zaidi makala ikishachapishwa.

Kama ulikusanya data kwa watu, uwe na namba ya kibali karibu. Tanzania kibali cha utafiti hutolewa chini ya utaratibu wa COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na Kenya ni NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Baadhi ya majarida hutaka namba hiyo itajwe ndani ya makala, pamoja na maelezo ya jinsi watafitiwa walivyoridhia.

Jambo dogo lenye matokeo makubwa ni jina lako. Wengi wetu tuna majina matatu, na leo mtu huandika mawili, kesho matatu, kesho kutwa anaanza na la ukoo. Mitandao ya kitaaluma humhesabu kuwa watu watatu. Chagua umbo moja la jina ulitumie maisha yote, kisha ujisajili bure katika ORCID, mfumo ulioanza mwaka 2012 ambao humpa kila mtafiti namba ya tarakimu 16 isiyobadilika hata akibadili jina kwa sababu ya ndoa au akihama chuo.

Hatua ya tano: Andika upya

Fungua faili jipya tupu. Anza na uchambuzi, kwa kuwa ndio unaobeba hoja, na uandike kwa kutazama data badala ya kutazama sura ya zamani. Utangulizi uandikwe baadaye. Katika utangulizi huo msomaji aone mapema tatizo ni nini, waliotangulia wamefika wapi, na wewe unadai nini. Mapitio ya maandiko ambayo katika tasnifu yalichukua kurasa arobaini yatachukua aya tatu au nne, nayo yapangwe kwa kufuata masuala. Ule mtindo wa “Fulani anasema, naye Fulani anaeleza” unaompa kila mtaalamu aya yake hauna nafasi hapa. Nadharia nayo ielezwe kwa kiasi inavyotumika. Kueleza mihimili saba ya nadharia kisha kutumia miwili ni desturi ya tasnifu ambayo majarida hayaihitaji.

Katika sehemu ya methodolojia, sema data zimetoka wapi, ni kiasi gani, zilipatikana lini na zilichaguliwaje, ili mtu mwingine aweze kuurudia utafiti wako. Maneno kama “mtafiti alitumia mbinu ya maktabani na uwandani” hayamwambii msomaji chochote. Kila mfano upewe namba, na kila mfano ufanye kazi. Ikiwa mifano minne inathibitisha jambo lilelile, bakisha miwili.

Kwa kuwa tasnifu nyingi sasa zimo mtandaoni, programu za kukagua mfanano wa maandishi zitakuonyesha umefanana na wewe mwenyewe. Dawa yake ni kuandika upya kwa dhati, na kumjulisha mhariri waziwazi kwamba makala imetokana na tasnifu yako. Ama kuhusu akili mnemba, mwaka 2023 COPE, kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, ilieleza kwamba zana hizo haziwezi kuorodheshwa kama mwandishi na kwamba matumizi yake yawekwe wazi. Ningeongeza tahadhari moja: usiziamini kukupa marejeleo. Hubuni vyanzo visivyokuwepo, vyenye majina na miaka inayoshawishi, na mpitiaji anayeijua nyanja atagundua mara moja.

Hatua ya sita: Kichwa na ikisiri

Watu wengi hawatasoma zaidi ya hapo, kwa hiyo zipe sehemu hizi muda unaostahili. Kichwa kama “Uchunguzi wa Mabadiliko ya Kifonolojia katika Maneno Mkopo ya Kiswahili” kinataja eneo tu. “Irabu ya Mwisho katika Maneno Mkopo ya Kiswahili: Nguvu ya Konsonanti Iliyotangulia” kinataja hoja, na kina maneno ambayo mtafutaji atayaandika mtandaoni.

Ikisiri, ambayo kwa kawaida huwa kati ya maneno 150 na 250, itaje tatizo, data na mbinu, matokeo, na maana ya matokeo hayo. Kosa linalojirudia ni kutangaza kwamba “matokeo yatajadiliwa”. Yataje. Kama jarida linataka ikisiri ya pili kwa Kiingereza, iandike kwa uangalifu uleule, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayosomwa na mtu asiyejua Kiswahili anapoamua kama atafute msaada wa kuisoma makala yako. Maneno muhimu matano yachaguliwe kati ya yale ambayo hayamo katika kichwa.

Hatua ya saba: Tayarisha faili na uwasilishe

Marejeleo yakaguliwe pande zote mbili: kila chanzo kilichotajwa ndani kiwemo mwishoni, na kila kilichomo mwishoni kiwe kimetajwa ndani. Majarida mengi ya nyanja hii hutumia upitiaji wa siri, ambapo mwandishi na mpitiaji hawajuani. Kwa hiyo ondoa jina lako, chuo chako, shukrani, na sentensi kama “katika tasnifu yangu nilionyesha”. Usisahau kwamba faili lenyewe hubeba jina la mwenye kompyuta katika sifa zake. Lifute kabla ya kulituma. Taarifa za mwandishi ziwekwe katika ukurasa wa peke yake.

Barua kwa mhariri iwe fupi. Mfano wake ni huu: “Kwa Mhariri, ninawasilisha makala yenye kichwa kifuatacho ili ifikiriwe kuchapishwa katika jarida lenu. Makala inaonyesha kwamba irabu ya mwisho katika maneno mkopo huamuliwa na konsonanti iliyotangulia, na inaendeleza mjadala uliokwisha kuanzishwa katika matoleo yenu. Imetokana na tasnifu yangu ya uzamili, imeandikwa upya, haijachapishwa kwingine wala haijawasilishwa kwa jarida jingine kwa sasa.” Sentensi ya mwisho ni ahadi. Kuipeleka makala moja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja ni kuwapotezea watu kazi wanayoifanya bila malipo, na ikigundulika hukataliwa kote.

Majarida mengine hupokea kwa baruapepe, mengine kwa mfumo wa mtandaoni, ambao katika vyuo vingi ni OJS, programu ya kuendeshea majarida. Humo utajisajili kama mwandishi, utapakia faili, utajaza kichwa, ikisiri na majina ya waandishi wote, kisha utathibitisha. Usiishie kabla ya kuthibitisha, kwa sababu makala iliyopakiwa bila kuthibitishwa hubaki rasimu ambayo mhariri haioni. Tunza namba ya makala, na uangalie pia kwenye barua taka, maana majibu ya mfumo hupotelea humo.

Hatua ya nane: Maoni ya wapitiaji

Upitiaji huchukua miezi. Kama muda uliotajwa na jarida umepita, au kama haukutajwa na miezi mitatu imekwisha, mwandikie mhariri kwa upole ukitaja namba ya makala na tarehe ya kuwasilisha.

Jibu likija likisema “marekebisho makubwa”, hiyo ni habari njema, kwa kuwa mhariri ameona kitu kinachostahili kazi zaidi. Soma maoni, yaweke kando siku mbili tatu hasira ipoe, kisha yanakili yote katika jedwali lenye safu tatu: maoni ya mpitiaji, jibu lako, na ukurasa ulipofanya badiliko. Usiruke hata moja. Unapokubali, sema umefanya nini hasa: “Ninashukuru kwa hoja hii. Nimeongeza mifano ya maneno yanayoishia na konsonanti za kaakaa laini, na nimeeleza kwa nini buku haifuati kanuni, ukurasa wa 9.” Una haki pia ya kukataa, mradi utoe sababu inayotokana na data: “Mpitiaji anapendekeza maneno yenye asili ya Kiarabu yajumuishwe. Nimeyaacha kwa kuwa mengi yaliingia katika kipindi tofauti na kwa njia tofauti, na nimeueleza mpaka huo katika ukurasa wa 4.” Wapitiaji wakipingana, usibahatishe, mweleze mhariri umemfuata nani na kwa nini.

Makala ikikataliwa, chukua kutoka katika maoni yale yaliyo sahihi, rekebisha, kisha rudi kwenye orodha yako ya majarida na ufuate maelekezo ya jarida la pili kana kwamba ndilo la kwanza. Kuipeleka bila kubadili chochote ni hatari, kwa sababu nyanja ya Kiswahili ina wapitiaji wachache na huenda ikamrudia mtu yuleyule.

Ikikubaliwa, utaletewa nakala ya mwisho kabla ya kuchapishwa, na kwa kawaida utapewa siku chache tu. Hapo hurekebishi hoja. Unakagua tahajia ya majina, jedwali, alama za kifonetiki ambazo huharibika mara kwa mara zinapohamishwa kati ya fonti, na namba za mifano. Soma mkataba wa hakimiliki kabla ya kuusaini, ujue kama unaruhusiwa kuweka toleo lililokubaliwa katika hifadhi ya chuo chako. Majarida mengi huruhusu, na mengine huweka muda wa kusubiri. Kisha watumie nakala waliokupa data, pamoja na shule, gereji au kituo kilichokufungulia mlango.